Video ya Kwenye Korido

4 Juni

Wifi yangu kipenzi,

Usishtuke kuona karatasi. Uliniambia simu yako kazini wanaifungia kabatini, na ukitoka hujui nani anaichungulia, basi nimekuandikia kizamani. Bahasha nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na nimemkazia macho ajue kwamba sura yake ninayo.

Kwanza habari za nyumbani, usije ukazisikia kwa watu ukapandwa na presha. Kule kiwanda cha sabuni bomba la mvuke limepasuka, lile la boila kubwa. Kaka yako ameungua kidogo mkononi. Kidogo tu, wifi, usianze kulia. Yuko hospitali ya wilaya kwa uangalizi, anakula, anawatania wauguzi, anasema chai yao hata maji ya sabuni yana ladha zaidi. Anakusalimu sana. Amesema usithubutu kuomba ruhusa kuja, kazi yenyewe ndiyo kwanza umeipata. Pacha wazima, wanagombana kama kawaida yao.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ukurasa wangu unaujua, ule wa Mtaa Unasema. Niliufungua nitangaze magauni, watu wakaanza kuniletea shida zao, mara taka, mara maji, mwisho mimi fundi cherehani nikajikuta redio. Basi wenzake kaka yako walioungua vibaya wamelazwa sakafuni kwenye korido, vitanda vimejaa. Daktari anasema wapelekwe hospitali kubwa yenye wodi ya walioungua, lakini huko hawapokelewi mpaka kiwanda kitie sahihi kwamba kitabeba gharama. Na kiwanda kinasema nini? Kwamba kulitokea "hitilafu ndogo" na hakuna aliyeumia sana! Nikaingia korido na simu yangu, nikarekodi, nikaweka kwenye ukurasa. Kufika mchana watu wameitazama mpaka meneja mwenyewe akaja mbio, na viatu vyake vya kung'aa, anasema karatasi za uhamisho zinaandaliwa.

Kesho yake video haipo. Nimeletewa ujumbe eti nimekiuka kanuni za jamii yao. Jamii ipi? Mimi jamii hiyo sijawahi kuiona hata msibani. Na meneja naye kapotea, simu yake inaita tu.

Wewe ndiyo kazi yako hiyo ya kupitisha na kufuta. Ingia huko, irudishe. Nakuomba kama ndugu, siyo kama wifi.

Wako,
Mama Pacha


6 Juni

Wifi,

Barua nimeipata. Pole kwa yaliyowakuta, na mpe pole kaka.

Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana naona unafikiri nimekalia kiti cha mwenye mtandao. Mwenye mtandao ameipa kampuni tenda, na kampuni ndiyo imeniajiri mimi. Tuko ukumbi mmoja mkubwa, mapazia yamefungwa, kila mtu na skrini yake. Siwezi kutafuta video. Zinakuja zenyewe, moja baada ya nyingine, kama nguo za wateja kwenye kapu lako, na ukichelewa na moja saa inakuandika. Tunazitazama zikiwa ndogo, zimeondolewa rangi na sauti, ili zisitukae kichwani. Na ukimjua mtu aliyemo hutakiwi kuamua lolote. Kuna kitufe kimeandikwa "Namfahamu", unabonyeza, inakwenda kwa mwingine. Kila kitufe ninachobonyeza kinahifadhiwa. Kwa hiyo hapana, wifi, siwezi kuingia wala kurudisha.

Na nikuambie jingine, usinichukie. Labda aliyeifuta hakukosea. Watu hawajawahi kujiuliza yule anayerekodiwa anajisikiaje. Mtu mzima amelala sakafuni bila nguo, ngozi imemtoka, halafu anatazamwa na watu wanaokunywa chai. Huyo naye ana mama yake, ana dada zake. Siyo kila kilicho kweli kinatakiwa kuanikwa.

Kata rufaa, kuna kitufe chini ya ule ujumbe.

Kaka ameungua mkono upi? Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono ulio mzima. Mmoja tu, hata kama ni wa matusi.

Wifi yako


8 Juni

Wewe wifi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili nikavuta kiti nikakaa.

Wapi nilikuandikia kwamba kuna mtu hana nguo? Nitajie mstari. Nilisema wamelazwa sakafuni kwenye korido. Habari ya nguo sikuigusa, habari ya ngozi sikuigusa, kwa makusudi kabisa, kwa sababu nilikuwa nakuficha. Na video ilikuwa imeshafutwa kabla bahasha yangu haijafika stendi. Basi uliiona, na uliionea kwenye hiyo skrini yako. Usinizunguke, mimi nimekata vitambaa miaka yote hii, najua kilichoraruka na kilichokatwa kwa mkasi.

Na kama uliiona, basi unajua mkono ulio mzima haupo.

Haya, tumeumbuana. Ni kweli, kaka yako ni mmoja wa wale watatu wa kwenye video, yule wa katikati. Mikono yote miwili, kifua, na upande wa shingo. Alinikataza nisikwambie, alisema utaacha kazi uje kulia hapa bure. Yale ya chai na wauguzi niliyatunga. Hatanii mtu. Akiamka anauliza boila imezimwa au bado, akijibiwa anasinzia, halafu anauliza tena.

Tangu video iondolewe hakuna mtu wa kiwanda aliyekanyaga hapa. Nilikwenda getini, mlinzi akaniambia meneja yuko kikaoni, na mimi namwona meneja dirishani anakula embe! Daktari amesema nao tena, wamemjibu wasubiri bima. Ile siku moja video ilipokuwa hewani walikuwa na kalamu mkononi. Siku moja tu ikiongezeka wangetia sahihi, nakuapia.

Sasa niambie. Ni nani aliyeifuta? Ukimjua nitajie, nimwandikie yeye.

Mama Pacha


9 Juni

Wifi,

Ni mimi.

Ilikuja baada ya tangazo la dawa ya kunenepesha na kabla ya watoto waliokuwa wanapigana. Picha ya kijivu, ndogo kama kiberiti. Nilishaweka kidole kuipitisha na pazia, yaani inabaki hewani ila mtu anaonywa kwanza, akitaka ndipo aifungue. Kanuni zinaruhusu hivyo kama ni jambo linalohusu umma, na hilo lilikuwa linahusu umma, nilijua. Halafu yule wa katikati akapandisha mguu juu ya mguu. Nani mwingine anayelala hivyo katika hali ile? Nikaisogeza karibu. Wifi, sikupiga kelele, maana huku ukipiga kelele wanakuja kukuuliza kama unahitaji mapumziko.

Nilitakiwa kubonyeza "Namfahamu". Sikubonyeza. Nilichagua sababu, nikachagua "udhalilishaji", nikaifuta kwa mkono wangu, na ningeifuta tena.

Kwani wewe maoni uliyasoma? Au ulikuwa unahesabu watazamaji tu? Kuna mmoja aliuliza ameiva au bado. Kuna mwingine ameweka alama za kucheka mstari mzima. Huyu ni kaka aliyenilea, alinifulia sare za shule akizianika juu ya jiko zikauke. Hakuwahi hata kuvua shati mbele yangu. Na wewe, mke wake, ndiye uliyeshika simu! Ulimwomba ruhusa? Hilo tu nijibu.

Ulipoandika ameungua kidogo nilitaka kukurushia barua yako usoni. Nilikuwa najua, na nilitaka uniambie mwenyewe.

Usijaribu kuiweka upya, mashine imeshaikariri, kila nakala itafutwa papo hapo, na ukurasa wako utafungwa juu yake. Rufaa yako nayo, kama ulikata, iko kwenye rundo na zamu yake sijui. Iliyobaki ni njia moja tu. Mimi niende kwa msimamizi niseme niliamua juu ya ndugu yangu wa damu. Uamuzi unabatilika siku ileile, video inarudi, na mimi natolewa. Mshahara huu unawasomesha pacha, unajua, na chumba hiki kiko juu yake.

Kwa hiyo usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa akili. Bila hiyo video, hawatatia sahihi?

Wifi yako


10 Juni

Wifi,

Mrefu amefariki leo asubuhi. Yule aliyelala kulia kwa kaka yako, mwenye miguu iliyokuwa inatoka nje ya mkeka. Kiwanda kimemtuma mlinzi wa geti na shada la maua.

Umeniuliza kama nilimwomba ruhusa. Sikumwomba. Alikuwa anaita, hakuwa wa kuombwa kitu. Na nikuambie lote, ili usije ukaambiwa na mwingine. Alikuwa amefunikwa shuka. Niliivuta mimi. Nilishika simu mkono mmoja, shuka mkono mwingine, nikaivuta kwa mume wangu mbele ya wagonjwa na wageni wao, kwa sababu nilijua shuka haitamleta meneja. Aliyeuliza kama ameiva nilimsoma. Nilimsoma nikaiacha iendelee.

Wewe unataka nikujibu kwa akili. Akili yangu ni hii. Daktari amesema figo za kaka yako zimeanza kuchoka, ameniambia nisiondoke karibu. Hawatatia sahihi bila kusukumwa, na kitu cha kuwasukuma ninacho kimoja tu, nacho umekifuta wewe.

Nichukie, una haki. Mwenyewe nitapanda basi nije unichukie uso kwa uso. Ila kwanza tumtoe kwenye ile sakafu.

Mama Pacha


12 Juni

Wifi,

Nimesema.

Msimamizi ni mama mmoja mpole, ana watoto wadogo, kila siku anakula amesimama. Alinisikiliza, akafunga mlango, akaniuliza, "Una uhakika ni kaka yako? Picha zetu ni ndogo." Nikamtazama. Akarudia tena taratibu, "Mtu anaweza kufananisha, dada." Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, wifi. Ningesema labda nimefananisha, ningerudi kwenye kiti changu. Nikamwambia nina uhakika, na kwamba nilijua kanuni, na kwamba sababu niliyoiandika haikuwa ya kweli.

Akaandika. Walinivua kitambulisho, wakanisindikiza kabatini nichukue simu na mwavuli. Mwenzangu wa kiti cha jirani, tunayegawana naye kila kitu, hakuinua macho. Simlaumu, saa yake ilikuwa inakwenda.

Video imerudi, na pazia lake. Nimeifungua barabarani kwa simu yangu, nimeegemea ukuta wa benki. Ndiyo mara ya kwanza kuiona na rangi. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Sikujua alikuwa anaita, wifi. Kule ndani kila kitu ni kimya. Sikujua na wewe unalia humohumo, kwamba ile simu inatetemeka kwa sababu yako. Nilidhani ulikuwa umesimama tu unarekodi kama watu wa harusini.

Bado nina hasira na wewe, tusidanganyane. Lakini sambaza, mtumie kila mtu, waandishi wa habari, wateja wako, hata wale wanaokudai vitambaa. Wasipate pa kujificha.

Hapa sitoki mpaka wanipe karatasi za kuachishwa, wanasema ni siku chache. Niandikie kwa anwani hiihii.

Dada yake Baba Pacha


16 Juni

Wifi,

Sema ukweli wako wote, maana sina nguvu ya kukuzunguka.

Video iliporudi mji ulitikisika. Waandishi walifika, redio zikapiga simu, meneja kaletwa na miguu yake, safari hii na mwanasheria na maboksi ya juisi. Wakasema wanataka kuongea na mgonjwa peke yake. Nikawaambia peke yake kivipi, wakati hata glasi hawezi kushika? Kaka yako mwenyewe akaniambia, "Mama Pacha, nenda kanunue bandeji." Bandeji za nini, wakati zimejaa kwenye kabati la wauguzi? Lakini macho yake yalinikataza kubisha, nikatoka.

Leo asubuhi nafungua simu, video haipo! Nakala za watu nazo hazipo, zimezimwa zote kwa mpigo. Nimeletewa ujumbe tena, na sababu imeandikwa. Udhalilishaji. Neno lako, wifi, lilelile ulilolichagua siku ile. Nani mwingine huko analijua? Umejutia kazi ukarudi kupiga magoti? Wamekupa kiti chako? Kama ndivyo niambie, sitakutukana, nitajua tu kwamba sina wifi.

Kinachonichanganya ni kwamba gari la wagonjwa limekuja. Wanamhamisha sasa hivi, naandika huku wanambeba. Nimemuuliza kulikoni, kageuza uso ukutani. Mwenzake wa kushoto naye anapakiwa. Sielewi chochote.

Nijibu na basi la kurudi. Usikawie.

Mama Pacha


19 Juni

Kwenu wote wawili, mke wangu na dada yangu,

Anayeandika ni muuguzi wa wodi ya walioungua. Mwandiko mzuri ni wake, msinisifu mimi. Maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe. Barua ziko mbili, zinafanana, moja imepanda basi, nyingine ameondoka nayo Mama Pacha kwenye pochi bila kujua.

Barua zenu Mama Pacha amenisomea. Acheni kugombana. Safari hii niliiondoa mimi.

Mwanasheria aliniinamia akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayenong'ona na mchumba. Alisema kwenye ule mtandao, mwenye mwili akiomba mwenyewe, hakuna mjadala, inafutwa yenyewe na nakala zake zote, na hakuna rufaa. Nikiomba, kalamu iko mfukoni. Nisipoomba, wao watasubiri bima, na mimi nitaona nani anachoka kwanza. Nikajua ni mimi.

Akanisogezea simu usoni. Nikasema mimi ndiye, ninaomba iondolewe. Sababu aliijaza yeye, sikuulizwa. "Inanidhalilisha." Neno hilo alikuwa nalo tayari, dada, kumbe ni la kwenye fomu yao, linamfaa yeyote anayelihitaji.

Lakini sikusema haraka hivyo. Nilimuuliza kwanza, na mwenzangu huyu? Akasema mazungumzo haya ni yako tu. Nikamwambia pale sakafuni tulikuwa watatu na mmoja mmeshamzika, basi aliyebaki apande gari moja na mimi, la sivyo nakufa na video yenu iko hewani. Alitoka nje akapiga simu. Aliporudi hakunitazama, alisema sawa.

Mama Pacha, shuka nilihisi ulipoivuta. Upepo uliniuma kuliko moto. Usingeivuta, nisingekuwa na kitu cha kuwauzia. Dada, wewe ulinifunika, na baadaye ukanifunua kwa kazi yako, na najua kipi kilikuwa kigumu zaidi kwako. Mlinipigania kila mmoja upande wake na nikishika vizuri kalamu nitawashukuru mmoja mmoja. Ila hakuna kati yenu aliyeniuliza, basi na mimi sikuwauliza. Nadhani tumelipana.

Figo zinaendelea vizuri, wanasema. Vidole viwili vya kushoto havitarudi. Naweza kukaa.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi, na nimemwambia muuguzi aliandike kama lilivyo. Jana shemeji yake mwenzangu alikuja kumwona, naye anafanya kazi kulekule kiwandani. Anasema boila imeshawashwa. Bomba hawakulibadilisha, wamelichomelea palepale lilipopasuka, wakalipaka rangi. Wamechukua watu watatu wapya kuziba nafasi zetu. Wakati wa mapumziko mmoja wao aliwaambia wenzake alisikia kuna video ya ajali ya hapa, basi wakatoa simu wakaitafuta, wakaandika jina la kiwanda, wakaandika boila, wakaandika korido. Haikuwepo. Wakaambiana ni maneno ya watu tu, wakarudi kazini.

Baba Pacha